Jeanne Power: Mshonaji nguo aliyebuni tangi la samaki

Ukishuka matatu Kombewa, kwenye ile barabara ya Kisian kuelekea Bondo, kisha uteremke hadi ufuoni, utaona vizimba vya samaki vikielea ziwani. Mwenye kizimba anajua kwamba maji yakisimama, hasara imebisha hodi. Mwishoni mwa mwaka 2022 samaki wengi walikufia vizimbani upande huu wa Kisumu, na wataalamu wakasema oksijeni majini ilikuwa imeshuka mno.

Sasa nikupeleke mbali kidogo, nikujuze kwa dada mmoja aliyefuga viumbe wa majini ndani ya vizimba karibu miaka 200 iliyopita, bila umeme wala pampu.

Jeanne Villepreux alizaliwa mwaka 1794 katika kijiji cha Juillac, Ufaransa. Alipofika umri wa miaka 18 alifunga virago kwenda kutafuta kazi Paris. Safari ya zaidi ya kilomita 400, na aliitembea kwa miguu! Njiani alipata misukosuko, akachelewa kufika, na ile kazi aliyoahidiwa ikawa imepewa mwingine. Hakurudi nyumbani. Alipata kibarua kwa mshonaji mwingine, na mwaka 1816 akashiriki kushona gauni la harusi la binti wa kifalme kutoka Sicily. Gauni hilo lilimpa jina mjini. Kupitia kazi hiyo alikutana na mfanyabiashara Mwingereza, James Power, wakafunga ndoa mwaka 1818 na kuhamia Messina, mji wa bandari kule Sicily.

Hapo angeweza kukaa tu, ale maisha. Mume alikuwa na hela. Lakini yeye alianza kujisomea mwenyewe, bila chuo, akizunguka kisiwa kizima akikusanya mimea, wadudu na viumbe wa baharini.

Kilichomkosesha usingizi ni pweza mdogo aitwaye argonauta. Jike wake huishi ndani ya gamba jembamba, jeupe, zuri ajabu. Wasomi walikuwa wamebishana tangu enzi za Wagiriki wa kale: je, gamba hilo hulitengeneza mwenyewe, au humnyang'anya kiumbe mwingine? Wengi walichunguza pweza waliokufa. Jeanne aliona kwamba maiti haiwezi kukujibu swali hilo. Lazima umwone akiwa hai, siku baada ya siku.

Ndipo mwaka 1832 akabuni matangi. La kwanza lilikuwa la kioo, la kuwekwa nyumbani. La pili lilikuwa la kioo vilevile, ila limezungushiwa fremu ya kizimba ili liweze kuzamishwa baharini. La tatu kilikuwa kizimba kikubwa kilichotiwa nanga baharini, fito zake zikiwa na nafasi ya kutosha kupitisha maji lakini si kumtoa mnyama.

Hicho cha tatu ndicho kinachonivutia zaidi. Ukiwa na tangi la samaki sebuleni unaelewa kwa nini: maji yasipozunguka, uchafu hutuama na hewa huisha. Wanaofuga matumbawe ndio hupata taabu zaidi, maana tumbawe halihami. Mkondo ndio unaoliletea chakula na kuliondolea uchafu, tena usiwe wa kulipiga upande mmoja tu mpaka ngozi ibanduke. Leo tunanunua pampu zinazogeuza mkondo huku na huku. Jeanne alikuwa na mlango-bahari wa Messina, ambako mkondo wenyewe ni mkali na hugeuka mara kadhaa kwa siku. Aliiachia bahari kazi ya pampu.

Humo vizimbani alivunja vipande vya magamba ya argonauta na kungoja. Pweza wakaziba matundu wenyewe, kwa kutumia mikono miwili yenye utando mpana. Aliona pia watoto wanaanguliwa bila gamba, kisha wanalijenga wakikua. Ubishi wa miaka zaidi ya elfu mbili ukaisha hivyo! Mwaka 1834 matokeo yake yaliwasilishwa kwa wasomi wa chuo cha sayansi cha Catania, na mwaka 1839 Richard Owen, bingwa wa anatomia, akamtetea mbele ya wasomi wa London.

Lakini mwaka 1838 meli iliyobeba mkusanyiko wake na maandishi yake ilizama ikielekea London. Kazi ya miaka mingi ikaenda chini. Aliendelea kuandika, lakini uchunguzi wa baharini kama ule hakuurudia. Bustani ya wanyama ya London ilipofungua nyumba ya samaki mwaka 1853, na matangi ya kioo yakawa mtindo sebuleni mwa matajiri, sifa nyingi zilikwenda kwa wanaume wa Uingereza. Owen alikuwa miongoni mwa wachache waliokumbusha nani alitangulia.

Jeanne alikimbia Paris wakati jeshi la Prussia lilipouzingira mji, akarudi Juillac, akafia huko Januari 1871 akiwa na miaka 76. Kwa zaidi ya karne moja ni wachache waliomtaja, hadi mwaka 1997 shimo moja kubwa kwenye sayari ya Zuhura lilipopewa jina lake.