Alfonsina Strada: Mwanamke pekee aliyeshindana kwenye Giro ya wanaume, na mvua iliyomtoa kwenye matokeo

Giro d'Italia, mashindano ya baiskeli ya kuzunguka Italia, yalianza mwaka 1909. Tangu wakati huo maelfu ya wanaume wameshiriki. Mwanamke ni mmoja tu: Alfonsina Strada, mwaka 1924.

Ukitafuta jina lake kwenye matokeo rasmi ya mwaka huo, hulikuti. Sababu ni siku moja ya mvua.

Baiskeli chakavu ya baba

Alizaliwa Machi 16, 1891, karibu na mji wa Modena, kaskazini mwa Italia. Jina lake la kuzaliwa ni Alfonsa Morini. Wazazi wake walikuwa vibarua wa mashambani, familia kubwa, kipato kidogo.

Alipokuwa na umri wa miaka 10 hivi, baba yake alileta nyumbani baiskeli kuukuu. Mtoto akajifunza haraka, na haikuchukua muda akaanza kushindana. Jumapili alikuwa anaaga kwamba anaenda kanisani, kumbe anaenda kwenye mbio.

Kijijini walimshangaa. Msichana juu ya baiskeli, tena anakimbizana na wavulana? Wakambandika jina la shetani aliyevaa gauni.

Mwaka 1915 aliolewa na Luigi Strada, fundi wa vyuma. Huyu hakumkataza. Zawadi yake ya harusi kwa mkewe ilikuwa baiskeli ya mashindano. Wakahamia Milan, na Luigi akawa ndiye anayemhimiza afanye mazoezi.

Mwaka 1917 Alfonsina aliingia Giro di Lombardia, mbio za siku moja za wanaume, akamaliza. Mwaka uliofuata akarudi tena, akamaliza tena.

Mastaa wagoma, nafasi yapatikana

Mwaka 1924 mastaa wa Giro na timu zao walidai pesa zaidi. Gazeti la La Gazzetta dello Sport, ambalo ndilo lililoandaa mashindano, likakataa. Mastaa wakasusa.

Waandaaji wakafungua mlango kwa waendeshaji binafsi wasio na timu, wakaahidi kuwapa chakula na malazi. Alfonsina akajiandikisha. Kwenye orodha jina likatokea bila herufi ya mwisho, "Alfonsin", ambalo mtu angeweza kudhani ni la mwanaume. Ukweli ulipojulikana, mbio zilikuwa zinakaribia kuanza.

Alikuwa na miaka 33, na nyumbani mambo hayakuwa mazuri. Luigi alikuwa ameugua akili na kulazwa, na matibabu yalihitaji pesa. Baiskeli ndiyo ilikuwa kazi ya Alfonsina.

Mei 10 waendeshaji 90 waliondoka Milan. Mbele yao kulikuwa na kilomita 3,613, zilizogawanywa katika hatua 12. Alfonsina alivaa namba 72.

Kilomita 296 za mvua

Usifikirie baiskeli za leo. Zile zilikuwa za chuma, nzito, hazina gia za kubadilisha kwa kidole. Barabara nyingi zilikuwa za vumbi na kokoto. Tairi likipasuka unaziba au kubadilisha mwenyewe, ndiyo maana waendeshaji walivaa mipira ya akiba mabegani.

Hata hivyo, kwa hatua saba za kwanza alikwenda vizuri. Alikuwa anafika nyuma ya wengi, lakini ndani ya muda uliowekwa. Wakati huohuo wanaume walikuwa wanajitoa mmoja baada ya mwingine.

Hatua ya nane ilikuwa kutoka L'Aquila hadi Perugia, kilomita 296 kwenye milima ya katikati ya Italia. Siku hiyo mvua ilinyesha na upepo ukavuma vikali. Vumbi likageuka tope.

Kwenye hali kama hiyo, baridi inaingia kwanza mikononi. Vidole vinakufa ganzi, breki zinateleza, tope linashika tairi na kila kilima kinakuwa kirefu maradufu. Alfonsina alianguka, akainuka, akaendelea.

Kisha usukani ukavunjika.

Hakukuwa na gari la timu nyuma yake wala fundi wa kumpa baiskeli nyingine. Inasimuliwa kwamba alipata mpini wa ufagio, akaufunga mahali pa usukani, akaendelea kunyonga baiskeli. Alifika Perugia akiwa amelowa, amechoka, na muda umeshapita.

Aruhusiwa, lakini hahesabiwi

Kwa mujibu wa kanuni, alitakiwa kurudi nyumbani. Waamuzi wakabishana. Mkurugenzi wa gazeti, Emilio Colombo, aliona wazi kwamba watu wanajaa barabarani kumwona mwanamke huyo. Mwishowe wakakubaliana aendelee, ila asiwekwe kwenye msimamo.

Kwa maneno mengine, kuanzia hapo hakuwa na nafasi ya kugombea. Alibaki na barabara tu, na bado akaendelea.

Kwenye hatua ya kwenda Fiume, mji ambao leo ni Rijeka nchini Kroatia, urefu ulikuwa kilomita 415. Alianguka tena na kuchelewa, lakini mashabiki walikuwa bado wanamsubiri. Walimbeba juujuu.

Giuseppe Enrici alishinda Giro hiyo. Kati ya wale 90, wanaume 30 tu ndio waliomaliza. Alfonsina naye aliingia Milan baada ya kuzunguka njia yote. Sehemu ya fedha alizopata ilikwenda kulipia matibabu ya Luigi.

Maisha baada ya Giro

Hakuruhusiwa kushiriki tena. Aliendelea kupata riziki kwa mbio nyingine na maonyesho ya baiskeli. Luigi alifariki mwaka 1946. Miaka minne baadaye Alfonsina aliolewa na Carlo Messori, mwendesha baiskeli wa zamani, wakafungua duka la baiskeli Milan. Messori naye akatangulia, mwaka 1957.

Septemba 13, 1959, Alfonsina alikwenda kwa pikipiki yake kutazama mbio za baiskeli. Alifariki siku hiyohiyo baada ya kurejea, kwa mshtuko wa moyo, akiwa na miaka 68.

Giro ya wanawake ilianzishwa mwaka 1988, miaka 64 baada ya mvua ya Perugia.