Mtoto wa Fundi Bati Aliyetia Umeme Magurudumuni

Wiki mbili nilizokaa Kitale kwa mpwa wangu zilinizoesha mlio mmoja. Kila alfajiri, tukishasali, kutoka upande wa Kipsongo, mtaa ule wa vibanda wenye Waturkana wengi waliosukumwa huko na ukame na wizi wa mifugo, fundi mmoja wa bati huanza kugonga nyundo yake. Mara ni jiko, mara ni karai. Mlio huo ulinikuta kila siku uani, nikimtazama mpwa wangu akichomoa waya wa gari lake ukutani.

Gari lenyewe ni Mitsubishi Outlander, lililotumika kwanza Japani kisha likateremshwa bandarini Mombasa. Lina betri inayojazwa umeme usiku kwa plagi ya nyumbani, na lina injini ya petroli vilevile. Alipolinunua, jamaa walimcheka. Walimuuliza mtu mwenye akili atanunuaje gari la umeme katika mji ambao taa huzimika watu wakiwa mezani. Nami sitaficha, nilikuwa mmoja wa waliocheka. Basi leo nataka kumpa msomaji habari za mtu aliyekuwa miongoni mwa wa mwanzo kulijibu swali hilo, zaidi ya miaka 120 iliyopita. Naye pia kwao waliamka kwa nyundo na bati.

Ferdinand Porsche alizaliwa tarehe 3 Septemba 1875 katika kijiji cha Maffersdorf, nchi ya Bohemia, iliyokuwa chini ya dola ya Austria na ambayo leo imo katika Jamhuri ya Cheki. Baba yake, Mzee Anton, alikuwa fundi bati mwenye karakana yake. Kaka yake mkubwa alikuwa ameshafariki, kwa hiyo baba alimtazamia Ferdinand kuwa ndiye mrithi wa nyundo. Lakini pale kijijini palikuwa na kiwanda cha mazulia kilichokuwa kimeshatiwa taa za umeme, na kijana alipoziona taa zile moyo wake ukahama. Mchana alifanya kazi ya baba, jioni alikwenda kusoma katika shule ya ufundi mjini Reichenberg, na usiku akajificha na nyaya zake. Baba hakupendezwa. Hata hivyo, kabla hajatimiza umri wa utu uzima, kijana alikuwa ameshatia umeme katika nyumba yao.

Mwaka 1893, akiwa na miaka 18, alikwenda Vienna kufanya kazi katika kampuni ya umeme ya Béla Egger. Huko alipanda kutoka kazi za chini kabisa hadi kuwa mkuu wa idara ya majaribio. Chuo kikuu hakupata kuandikishwa. Alikuwa akijipenyeza tu katika chumba cha masomo cha chuo cha ufundi na kusikiliza, kama mtoto asiyelipa ada anavyosimama dirishani mwa madrasa. Mwaka 1917 chuo hichohicho kilimpa shahada ya heshima ya udaktari.

Karne ilipokuwa ikigeuka, akaingia kwa Ludwig Lohner, mtengenezaji wa magari ya farasi aliyekuwa akisambaza mpaka kwa wafalme. Bwana Lohner hakupenda kelele na harufu ya injini za petroli, akataka gari la umeme. Porsche akamtengenezea, nalo likaonyeshwa katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900. Ajabu yake ni kuwa mota zilitiwa ndani ya vitovu vya magurudumu yenyewe, pasi na mnyororo wala mshipi. Watu walistaajabu, lakini aibu ya gari lile ilikuwa betri. Ilikuwa ya risasi, yenye uzito wa kilo 410, na ikishakwisha nguvu huna budi kutafuta pa kuijaza. Siku hizo umeme ulikuwa mijini, tena si kila mji.

Hapa ndipo penye kiini cha habari, na namwomba msomaji avumilie kidogo mambo ya mitambo. Porsche hakuitupa betri, ila aliipunguza, na katika nafasi aliyoipata akatia injini mbili ndogo za petroli. Injini zile hazikusukuma magurudumu hata kidogo. Kazi yake ilikuwa kuzungusha jenereta, jenereta itoe umeme, na umeme uende betrini na kwenye mota. Betri ikiwa imejaa, gari lakwenda kimya kwa betri peke yake; ikipungua, injini zaamka. Gari hilo la mwaka 1900 alilipa jina la Kilatini, Semper Vivus, maana yake mwenye uhai daima. Jina hilo ni kubwa mno kwa kitu cha chuma, lakini twamsamehe, kwani aliona gari ambalo halitazimika njiani kwa kukosa mahali pa kuchomeka.

Kwa nini basi halikuenea? Lilikuwa zito na lilikuwa ghali. Mwaka 1901 alitoa jingine la kuuza, lililoitwa Mixte, likanunuliwa na matajiri wachache. Petroli ikawa rahisi, injini zikatengenea, na dunia ikamwacha na fikira yake.

Yeye hakuiacha. Alipohamia Austro-Daimler mwaka 1906 na vita vikuu vya 1914 vikaja, vita vilevile vilivyofika Tanga na Taveta kwetu, alilitengenezea jeshi la Austria misururu ya magari ya kukokota mizinga mizito. Gari la mbele lilizalisha umeme na kuupeleka kwa waya kwenye magurudumu ya matela ya nyuma. Baada ya hapo akafanya kazi Daimler ya Stuttgart na Steyr, na mwaka 1931 akafungua ofisi yake mwenyewe.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu yapenda kukimbia, na si haki. Mwaka 1934 Porsche alipewa na serikali ya Hitler kazi ya kubuni gari la bei nafuu la watu wote. Mwaka 1937 akajiunga na chama cha Hitler. Gari lile ndilo Volkswagen yenye mgongo wa kobe. Wazee wenzangu wanaikumbuka vizuri, kwani ilishinda mashindano yetu ya Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, na ilikuwa gari la walimu na makarani barabara zote. Lakini kiwanda chake, vita vilipokuja, kilitumikishwa kwa nguvu za mateka na watu waliokamatwa makwao, Wapoland, Warusi, Mayahudi, na Porsche alikuwa miongoni mwa wakubwa wake. Aliijua hali ile. Wako wanaomtetea kuwa yeye alikuwa mtu wa mitambo tu, hana siasa. Mimi siukubali utetezi huo. Mtu aliyeweza kuona mbele miaka mia katika betri hakosi kumwona mwenye njaa aliyesimama mbele ya mashine yake.

Hata kifaru alichokibuni wakati huo kilikuwa cha petroli na umeme. Kilishindwa na kile cha kampuni ya Henschel mwaka 1942, na takriban miili yake 90 ikageuzwa kuwa mizinga ya kujiendesha iliyopewa jina lake, Ferdinand, ikapelekwa Kursk mwaka 1943.

Desemba 1945 Wafaransa wakamkamata. Alikaa kizuizini kiasi cha miezi 20, sehemu yake katika gereza la Dijon, mzee wa miaka sabini, na akaachiliwa kwa dhamana Agosti 1947. Mwanawe, Ferry, ndiye aliyetoa gari la kwanza lenye jina la Porsche, mwaka 1948. Mzee alifariki Stuttgart tarehe 30 Januari 1951.

Habari hizi nilimsimulia mpwa wangu siku tuliyokwenda Bungoma. Betri ya gari lake ni ya lithiamu, si ya risasi tena. Hata hivyo usiku ule umeme ulikuwa umekatika kabla haijajaa, na nilikaa nikisubiri tukwame. Tulipopita Kiminini injini ikaamka yenyewe, taratibu, nami nisingejua lau hakunionyesha mshale wa kiooni. Petroli ilikuwa ikizungusha jenereta na umeme ukizungusha magurudumu, vilevile kama mwaka 1900. Aliniambia kuwa siku za kuzunguka mjini tu, dukani, sokoni na shule ya watoto, kituo cha petroli hupita akikipungia mkono. Safari ya mbali anajua atalipa kama wengine.

Tulirudi Kitale magharibi. Kipsongo kulikuwa giza, vibanda vingine vikiwa na koroboi, na umeme ulikuwa bado haujarudi. Mpwa wangu aliuchomeka waya ukutani hivyohivyo, akaingia ndani kutawadha.