Edwin Link: fundi wa vinanda aliyefundisha marubani wakiwa chini

Vijana wanaopigana kwa ndege za kivita katika michezo ya intaneti hubishana sana: ndege ibaki na udhaifu wake wa kweli, ao isawazishwe na zingine ili kila mchezaji apate nafasi ya kushinda? Kwa Edwin Link, jambo hilo lilikuwa la uhai na kifo.

Link alizaliwa mwaka wa 1904 huko Indiana, Marekani, akakulia Binghamton, katika jimbo la New York, ambako baba yake alikuwa na kiwanda cha piano na vinanda. Kijana huyo alipenda ndege, lakini masomo ya urubani yalikuwa ya bei kali. Basi akachukua pampu, mivukuto na vali za vinanda, akatengeneza kisanduku chenye mabawa mafupi. Rubani akigusa usukani, hewa ilikifanya kiiname na kugeuka kama ndege.

Alipata hati ya uvumbuzi mwaka wa 1931. Jeshi halikujali. Walionunua zaidi walikuwa wenye viwanja vya starehe; watu walilipa ili wajifurahishe tu.

Mambo yaligeuka mwaka wa 1934. Jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege. Marubani wake hawakuzoea kuruka usiku na katika ukungu wakitegemea vipimo peke yake, na ndani ya miezi michache zaidi ya 10 walikufa. Link mwenyewe akarusha ndege katika ukungu hadi Newark kukutana na maofisa. Jeshi likanunua mashine 6, kila moja dola 3,500.

Kisanduku hicho hakikuiga kila kitu. Rubani alifungiwa ndani, haoni nje, anaona vipimo tu, huku mwalimu akifuata njia yake kwenye ramani. Lakini kile kilichowaua wenzake ndicho alichozoezwa. Katika Vita Kuu ya Pili, marubani zaidi ya 500,000 walipitia mashine hizo.

Baadaye Link aligeukia bahari, akashiriki kutengeneza vyombo vya kuzamia. Mwaka wa 1973, karibu na Key West, kimoja kilinaswa kwenye mabaki ya meli. Watu 2 kati ya 4 waliokuwa ndani walikufa, mmoja wao mtoto wake. Baba huyo hakuacha kazi: alianza kutengeneza chombo cha kuokoa waliokwama chini ya maji. Alikufa mwaka wa 1981, huko Binghamton.

Mchezo unaweza kusawazisha ndege ili ushindani uwe wa haki, maana anayeangushwa huanza tena. Lakini mashine ya kufundishia ikificha hatari, mwanafunzi atakutana nayo angani, na huko hakuna kuanza upya.