Dk. Denis Burkitt: Daktari aliyeifuata saratani kwa takwimu

Huku Galula unajua vizuri kuwa bondeni kuelekea Ziwa Rukwa joto na mbu ni vingi, lakini ukipanda Mbozi unatafuta sweta. Tofauti kama hiyo ya mwinuko ndiyo iliyomsaidia daktari mmoja kuielewa saratani ya watoto. Mwanao wa sekondari akikuuliza takwimu zina kazi gani nje ya mtihani, msimulie maisha yake.

Denis Burkitt alizaliwa Ireland mwaka 1911. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho moja kwa ajali. Alianza kusomea uhandisi, akahamia udaktari, akawa daktari wa upasuaji. Mwaka 1946 alikuja Uganda, akafanya kazi Lira, kisha Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 aliitwa kumwona mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote. Muda mfupi baadaye, Jinja, akamkuta mtoto mwingine mwenye uvimbe wa namna hiyo hiyo. Mgonjwa mmoja angeweza kusahaulika. Wawili walimfanya afungue mafaili ya hospitali na kuanza kuhesabu. Akaona kuwa watoto wengi waliovimba taya walikuwa na uvimbe tumboni pia. Ulikuwa ugonjwa mmoja, na mwaka 1958 akauandikia makala.

Kisha alituma karatasi zenye picha kwa madaktari sehemu nyingi za Afrika, akiwauliza kama wameuona. Majibu aliyaweka kwenye ramani kwa pini. Oktoba 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliondoka Kampala kwa gari lililotumika, wakapita Tanganyika iliyokuwa ikijiandaa kwa uhuru, hadi Afrika Kusini. Walitembea takriban kilometa 16,000 kwa wiki kumi, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Pasipokuwa na mgonjwa, nako waliandika. Sifuri nayo ni takwimu.

Karibu na ikweta, ugonjwa ulikoma kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi. Kusini zaidi, kwenye baridi, ulikoma chini ya hapo. Basi mwinuko wenyewe haukuwa chanzo. Kilichohusika ni joto na mvua, mazingira ya mbu na malaria.

Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr, wakiwa London, walitangaza kirusi walichokiona kwenye chembe za uvimbe zilizotoka Uganda. Burkitt alidhani mbu hueneza kirusi hicho. Sivyo: huenea kwa mate, na kipo duniani kote. Malaria ya mara kwa mara ndiyo huvuruga kinga ya mtoto aliyekwisha kuambukizwa. Hapa mwanafunzi anajifunza jambo kubwa: vitu viwili kuonekana pamoja hakutoshi kusema kimoja kimezaa kingine. Takwimu huonyesha pa kuchimba.

Burkitt alifariki mwaka 1993. Saratani ile inaitwa kwa jina lake.

Msomaji, tuseme zahanati moja imepata wagonjwa 40 wa malaria na nyingine 20. Wapi pana hatari zaidi? Huwezi kujibu kabla hujauliza kila moja inahudumia watu wangapi. Kijana anayejua kuuliza hivyo hadanganywi kirahisi na muuza dawa anayejisifu kuponya watu 100 bila kusema waliokunywa ni wangapi. Walimu wa Hisabati, fundisheni mada hii kwa daftari la mvua, bei za mpunga na mahudhurio ya kliniki, siyo kwa kukariri kanuni tu.

Na wewe mzazi, mtoto akivimba taya, meno yakalegea bila sababu au tumbo likakua haraka, usiishie kung'oa jino. Uvimbe huu hukua kwa siku, si kwa miezi. Mpeleke hospitali mapema, kwani ukiwahiwa hutibika kwa dawa. Na usiku huu alale ndani ya chandarua.