Marehemu Paul Bomani na Mizani ya Mkulima

Katika kitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, imetupasa tuweke, kando ya hesabu za korosho na ufuta, maisha ya mtu mmoja aliyetutangulia katika kazi hii. Marehemu Paul Bomani hakuwa mtu wa Lindi wala wa Kilwa, na zao lake lilikuwa pamba. Lakini kila mwanachama atakayesoma habari zake ataona kuwa jambo alilolishindania ndilo lile lile tunalolishindania sisi hapa Mtanda: ni nani asimamiaye mizani, na ni nani amsimamiaye huyo.

Alizaliwa mwaka 1925 katika nchi ya Musoma. Baba yake alikuwa mhubiri wa Kanisa la Waadventista Wasabato, na mtoto akapata elimu katika shule za misheni. Alipokuwa kijana alifanya kazi ya ukarani katika machimbo ya almasi ya Mwadui. Mwaka 1947 akaiacha kazi hiyo ya mshahara, akawa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara wa Kiafrika huko Mwanza. Hivyo sisi makatibu twaweza kujivunia kwamba safari yake kubwa ilianzia katika kazi kama yetu ya daftari na kalamu.

Siku zile mkulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa alikuwa akilima kwa jasho lake na kuuza kwa macho ya mtu mwingine. Wanunuzi, wengi wao wafanyabiashara wenye asili ya Asia, ndio waliokuwa na mizani, vinu vya kuchambulia pamba, na njia ya kulifikisha zao sokoni. Mkulima asiyejua kusoma namba za mzani hakuwa na hoja. Alipewa alichopewa, akarudi nyumbani na manung'uniko. Manung'uniko hayo yalikuwapo miaka mingi, lakini hayakuwa na nguvu kwa sababu kila mtu alinung'unika peke yake.

Sisi wa pwani hii tunaijua historia nyingine ya pamba. Mwaka 1905, katika vilima vya Umatumbi, wilayani Kilwa, watu walilazimishwa na Wajerumani kulima pamba katika mashamba ya pamoja kwa malipo yasiyo na maana. Huko Nandete wakaing'oa mimea yake, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Babu zetu waliikataa dhuluma kwa kuing'oa pamba, na wakulima wa Ziwa, karibu nusu karne baadaye, waliikataa kwa kuipima upya. Njia mbili, lakini kilio ni kimoja.

Wakulima wa Ziwa walianza kwa kudai wapimaji wao wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Bwana Bomani akazunguka vijijini, akawaunganisha katika chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa. Mwaka 1953 akaenda Loughborough, Uingereza, kusomea mambo ya ushirika. Aliporudi, vyama vya msingi vilikuwa vikiongezeka, na mwaka 1955 vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, naye akawa meneja wake. Shirikisho halikutosheka na kupima tu. Lilijipatia viwanda vyake lenyewe vya kuchambulia pamba. Kufikia mwisho wa miaka hiyo ya 1950, karibu pamba yote ya Jimbo la Ziwa ilikuwa ikipita mikononi mwa ushirika, nao ukatajwa kuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya Kiafrika katika bara hili.

Tena ikumbukwe kwamba toka mwaka 1954 hadi 1958 serikali ya kikoloni iliyafunga matawi ya TANU katika Usukuma. Vyama vya ushirika havikufungwa. Basi mkulima aliyejifunza kumchagua mwenyekiti wake na kuikagua hesabu yake, alikuwa anajifunza pia namna ya kujitawala.

Mwaka 1960 Bwana Bomani aliingia serikalini akiwa Waziri wa Kilimo na Maendeleo ya Ushirika, na mwaka 1962 akawa Waziri wa Fedha. Baada ya Uhuru serikali ilivieneza vyama kwa haraka hata katika sehemu za nchi ambazo hazikuwa navyo. Hapo ndipo penye somo. Huko Ziwa vyama vilitoka kwa wakulima kwenda juu. Kwingi kwingineko vilitoka juu kwenda kwa wakulima.

Mwaka 1965 lilitokea jambo ambalo hatupendi kulificha. Katika uchaguzi mkuu, Bwana Bomani, akiwa Waziri wa Fedha, alishindwa katika jimbo lake mwenyewe. Rais Nyerere alimrudisha serikalini, lakini wapiga kura walikuwa wamesema lao. Mwaka uliofuata Rais aliunda Kamati Maalum kuuchunguza ushirika, na mabaya yakaonekana: watumishi wengi kupita kazi, wizi, na viongozi wasiojibu maswali ya wanachama. Shirikisho la Victoria likawekwa chini ya usimamizi wa serikali, na mwaka 1968 likageuka kuwa Chama cha Ushirika cha Nyanza. Mwaka 1976 vyama vikuu vyote nchini vilivunjwa, mamlaka za mazao zikachukua nafasi yake, hata sheria ya mwaka 1982 ilipovirudisha.

Mwenyewe alitumwa Washington akawa Balozi wetu toka 1972 hadi 1983. Nchi ile nayo ina historia ya jambo hili, kwani mwaka 1922 Bunge lake lilipitisha sheria ya kuwaruhusu wakulima kuuza mazao yao kwa pamoja bila kushtakiwa kuwa wamekula njama dhidi ya biashara. Matengenezo ya namna hiyo hudumu pale tu wenyewe wanaponufaika wanapoyalinda. Baadaye alikuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na akafariki dunia mwaka 2005.

Je, ametuachia nini? Leo korosho na ufuta wetu hupokewa ghalani kwa stakabadhi na kuuzwa mnadani, na mwaka 2025 Benki ya Ushirika imezinduliwa Dodoma. Haya ni matunda ya mti uliopandwa na watu wa kizazi chake. Lakini kangomba angali anazunguka vijijini wakati wa njaa, akinunua korosho zikiwa bado maua, kwa kipimo chake mwenyewe. Na ghalani nako, mwanachama asiyeuliza kilo zake huweza kupunjwa na chama chake kama babu yake alivyopunjwa na mnunuzi.

Basi, ndugu wanachama, tunawaomba jambo moja msimu ujao: simameni karibu na mzani, someni namba, chukueni stakabadhi, na katika mkutano mkuu ulizeni hesabu bila haya. Sisi tuliopewa kuitunza tunawajibika kuijibu.