Claude Bourgelat

Claude Bourgelat (Lyon, 27 Machi 1712 – 3 Januari 1779) alikuwa mpanda farasi, mwandishi na mwalimu kutoka Ufaransa. Anajulikana hasa kama mwanzilishi wa shule ya kwanza ya tiba ya mifugo, iliyoanzishwa mjini Lyon mwaka 1761. Katika shule hiyo ujuzi wa mikono waliokuwa nao wahunzi uliunganishwa na elimu ya mwili iliyokuwa mikononi mwa wasomi.

Maisha ya awali

Bourgelat alizaliwa katika familia ya mfanyabiashara wa Lyon. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto. Mwaka 1740, akiwa na umri wa miaka 28, aliteuliwa kuwa mkuu wa chuo cha kifalme cha upandaji farasi mjini humo. Katika chuo hicho vijana wa familia bora walijifunza kupanda farasi pamoja na masomo mengine waliyotakiwa kuyajua.

Mwaka 1744 alichapisha kitabu chake cha kwanza kuhusu upandaji farasi, nacho kilimpatia sifa nje ya mji wake. Mpanda farasi mzuri humjua mnyama kwa viungo vyake mwenyewe: kwa mkono ulioshika hatamu huhisi mdomo wa farasi, na kwa mapaja na kiuno huhisi mgongo unavyokwenda. Bourgelat alikuwa na ujuzi huo. Hata hivyo, farasi alipochechemea au kuugua, ujuzi huo haukutosha kueleza kilichoharibika chini ya ngozi.

Hali ya tiba ya farasi wakati wake

Katika karne ya 18 farasi alivuta jembe, mikokoteni na mizinga, na pia alibeba askari na wasafiri. Kifo chake kilikuwa hasara kubwa kwa mkulima na kwa dola. Pamoja na hayo, hakukuwa na shule ya kufundisha matibabu yake. Kazi hiyo ilifanywa na wahunzi waliowafunga farasi viatu vya chuma. Wengi wao walirithi kazi kwa baba zao, na mikono yao ilizoea kushika miguu ya farasi kila siku. Walitambua kwato yenye joto au kano iliyovimba, lakini wengi hawakujua mpangilio wa mifupa, misuli na mishipa iliyokuwa chini ya vidole vyao. Madaktari wa binadamu kwa upande wao walikuwa na elimu ya mwili, lakini wachache walikubali kuingia zizini.

Bourgelat aliamua kujifunza anatomia. Alisaidiwa na madaktari wapasuaji wa Lyon, wakiwemo Claude Pouteau na Jean-Baptiste Charmetton, akapasua mizoga ya farasi ili kulinganisha alichokiona nje na kilichokuwa ndani. Matokeo yake yalikuwa kitabu kuhusu elimu ya farasi kilichotoka katika juzuu tatu kati ya miaka 1750 na 1753. Baadaye aliandika makala nyingi kuhusu farasi na maradhi yake katika Encyclopédie, kamusi elezo iliyohaririwa na Diderot na d'Alembert.

Kuanzishwa kwa shule

Katika karne hiyo Ulaya ilisumbuliwa mara kwa mara na sotoka, ugonjwa ulioua ng'ombe kwa wingi na kuwaacha wakulima bila maksai wala maziwa. Henri Bertin, waziri wa fedha wa mfalme Louis XV, alikuwa amewahi kuongoza utawala wa mkoa wa Lyon na alimfahamu Bourgelat. Kwa msaada wake, tarehe 4 Agosti 1761 baraza la mfalme liliidhinisha shule ya kutibu maradhi ya mifugo. Wanafunzi wa kwanza walipokelewa mapema mwaka 1762 katika jengo lililokuwa nyumba ya wageni, kwenye kitongoji cha La Guillotière.

Mwaka huohuo baadhi ya wanafunzi walipelekwa vijijini kupambana na mlipuko wa maradhi ya mifugo. Kazi yao ilisaidia kuijengea shule heshima, na mwaka 1764 ikapewa hadhi ya kuwa shule ya kifalme. Shule ya pili ilianzishwa Alfort, karibu na Paris, na kuanza masomo mwaka 1766.

Namna ya kufundisha

Wanafunzi wengi walikuwa vijana wa hali ya kawaida, baadhi yao wana wa wahunzi. Walijifunza anatomia, mimea ya dawa, utengenezaji wa dawa na kazi ya kalibu ya mhunzi. Walipasua mizoga, wakatengeneza viatu vya chuma, wakahudumia wanyama walioletwa katika hospitali ya shule. Kwa hiyo mwanafunzi aliyesoma juu ya mfupa fulani aliushika ukiwa mtupu mezani, kisha akakutana nao tena katika mguu wa farasi aliye hai.

Mafunzo ya namna hiyo ndiyo msingi wa upimaji kwa kupapasa, ambao mpaka leo ni muhimu kwa kila anayetibu au kukanda farasi. Mnyama hawezi kueleza maumivu yake, hivyo mpimaji humwendea kwa utulivu, huweka kiganja begani ili farasi azoee mguso, kisha huteremsha mkono mguuni bila kuutoa ghafla. Mgongo wa mkono hupima joto. Ncha za vidole hufuata kano zilizo nyuma ya mguu, zikitafuta uvimbe, ugumu au mahali ambapo farasi hushtuka. Kila mguu hulinganishwa na mwenzake. Chini ya taya vidole hupata ateri ambayo kwa farasi mzima aliyepumzika hupiga takribani mara 28 hadi 44 kwa dakika. Vidole vinaweza kugundua tofauti ndogo, lakini anayejua kilicho chini ya ngozi ndiye anayeweza kuieleza.

Bourgelat aliamini pia kwamba tiba ya binadamu na tiba ya wanyama zina mambo mengi ya kufunzana.

Upinzani na mapungufu

Bourgelat hakukosa wapinzani. Aliyejulikana zaidi alikuwa Philippe-Étienne Lafosse, mwana wa mhunzi wa mfalme, aliyekuwa mjuzi wa anatomia na aliyefundisha kwa gharama zake mjini Paris. Kwake Bourgelat alikuwa mpanda farasi aliyepewa madaraka juu ya kazi ambayo hakukulia ndani yake.

Fundisho lake la vipimo vya mwili lilikosolewa vilevile. Alichukua urefu wa kichwa cha farasi kuwa kizio, akapima kwacho shingo, mgongo na miguu ili kupata umbo kamili. Vipimo hivyo viliwasaidia wanaoanza kutazama kwa utaratibu, lakini farasi wengi wenye nguvu na afya hawakulingana navyo.

Alikuwa pia kiongozi mkali. Mwaka 1771 Honoré Fragonard, mwalimu wa anatomia aliyekuwa naye tangu Lyon, aliondolewa Alfort. Mizoga aliyoihifadhi Fragonard kwa ustadi mkubwa, ukiwemo wa farasi na mpandaji wake, bado inaonyeshwa katika makumbusho ya shule hiyo.

Urithi

Bourgelat alifariki tarehe 3 Januari 1779. Kabla ya hapo shule zake zilikuwa zimepokea wanafunzi kutoka nchi nyingine za Ulaya. Peter Christian Abildgaard alirudi Denmark na kuanzisha shule Copenhagen mwaka 1773, na Peter Hernquist alianzisha nyingine Skara, Uswidi, mwaka 1775. Charles Vial de Sainbel, aliyesoma Lyon, akawa mwalimu mkuu wa kwanza wa chuo cha London kilichoanzishwa mwaka 1791.

Sotoka, iliyochangia kuzaliwa kwa shule ya Lyon, iliingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19 na kuua sehemu kubwa ya ng'ombe wa Wamaasai na wafugaji wengine, na njaa ikafuata. Mwaka 2011 madaktari wa mifugo duniani waliadhimisha miaka 250 tangu kuanzishwa kwa shule ya Bourgelat. Mwaka huohuo ilitangazwa rasmi kwamba sotoka imetokomezwa duniani kote. Shule za Lyon na Alfort bado zinafundisha, ingawa ile ya Lyon ilihamia Marcy-l'Étoile, nje ya mji.