Meya aliyegoma kushuka kwenye ndege, akaijengea New York kiwanja kwa fedha za Washington

Novemba 1934, ndege ya shirika la TWA ilitua Newark, katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, na abiria wakaanza kushuka. Mmoja aligoma. Alikuwa mnene, urefu wake ukizidi kidogo tu futi 5, mwenye sauti nyembamba isiyolingana na ukali wake. Tiketi yake iliandikwa New York. Hoja yake ilikuwa kwamba Newark si New York, iko ng'ambo ya mto Hudson na hata jimbo ni jingine. Mabishano yalipokwisha, shirika lilisalimu amri na kumrusha hadi Floyd Bennett, kiwanja cha manispaa kilichopo Brooklyn. Alikuwa Fiorello La Guardia, Meya wa New York, ambaye hata mwaka mmoja ofisini alikuwa hajaumaliza.

Mfanyabiashara aliyewahi kulipa nauli ya mjini kisha akashushwa mpakani na mizigo yake hahitaji kuelezwa hasira ile. Lakini kisa hiki husimuliwa zaidi kama kichekesho, na sehemu yake yenye faida huachwa. Miaka mitano baadaye New York ilikuwa na kiwanja chake kikubwa cha ndege, na zaidi ya nusu ya gharama zake zilitoka serikali ya shirikisho. Kelele za meya peke yake hazikutosha kuzileta fedha hizo.

La Guardia alizaliwa New York Desemba 11, 1882. Baba yake, Achille, alikuwa mwanamuziki kutoka Italia aliyeongoza bendi ya jeshi la Marekani, na mama yake, Irene, alikuwa Myahudi kutoka Trieste. Alikulia Arizona, katika kambi za jeshi. Mwaka 1898, wakati wa vita vya Marekani na Hispania, baba aliugua baada ya kula nyama mbovu ambayo wakandarasi waliiuzia jeshi. Hakupona sawasawa, na alifariki 1904. Chuki ya La Guardia dhidi ya wazabuni wanaokula fedha za umma ilianzia hapo, na haikumtoka maisha yake yote.

Akiwa kijana alifanya kazi katika ofisi za ubalozi mdogo wa Marekani, kwanza Budapest, kisha Fiume, bandari ambayo leo inaitwa Rijeka, nchini Croatia. Huko aliona wahamiaji wakiuza mali zao, wakivuka bahari, kisha wakirudishwa na madaktari wa Marekani walipofika. Akashikilia kwamba uchunguzi wa afya ufanywe kabla abiria hawajapanda meli. Wenye meli walilalamika, lakini hakurudi nyuma. Aliporejea nyumbani alikuwa mkalimani kwenye kituo cha wahamiaji cha Ellis Island huku akisoma sheria usiku. Mwaka 1916 alichaguliwa kuingia Bunge la Marekani, na Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoifikia nchi yake alijiunga na kikosi cha anga, akarusha ndege za mabomu upande wa Italia. Kwa hiyo mtu aliyekuja kudai kiwanja alizijua ndege kutokea kwenye kiti cha rubani.

Aliapishwa kuwa meya Januari 1, 1934. Jiji lilikuwa na madeni, benki hazikuliamini, na mamia ya maelfu ya watu hawakuwa na kazi. Washington ilikuwa na fedha. Rais Franklin Roosevelt alikuwa ameanzisha mipango ya kujenga miundombinu ili watu wapate ajira, lakini Harold Ickes, waziri aliyesimamia PWA, mamlaka ya miradi ya umma, hakutaka kulikopesha jiji lisiloweza kusawazisha bajeti yake.

La Guardia aliamua kuanza na vitabu vya hesabu. Alipeleka kwenye bunge la jimbo, mjini Albany, muswada wa kumpa mamlaka ya kupunguza mishahara na kufuta vyeo vilivyogawiwa kwa ushabiki wa chama. Muswada ulikataliwa zaidi ya mara moja, ukapita Aprili 1934 ukiwa umepunguzwa makali. Uliwaumiza watumishi wengi wa jiji, na wapo ambao hawakumsamehe. Hata hivyo, baada ya hapo milango ya Washington ilianza kufunguka.

Jambo la pili lilikuwa michoro. Fedha za Roosevelt zilitolewa kwa haraka, na miji mingi ilikwenda kuomba ikiwa na mawazo tu. New York, chini ya La Guardia na mkuu wake wa bustani, Robert Moses, ilikwenda na michoro ya kihandisi, makadirio na hesabu ya vibarua. Shirika la WPA lilipoundwa 1935, New York ilipewa ofisi yake yenyewe, kana kwamba ni jimbo kamili. La Guardia alikuwa Mrepublican na Roosevelt Mdemokrati, lakini walielewana, na urafiki huo ulisaidia. Kusema ukweli, bila michoro urafiki huo ungeishia kwenye chai.

Hata hivyo, ombi lake la kwanza la usafiri wa anga lilianguka. Alitaka idara ya posta ihamishe kituo cha barua za ndege kutoka Newark kwenda Floyd Bennett, kwa sababu palipo na mkataba wa barua ndipo mashirika ya ndege huweka makao. Mwaka 1936 posta ilikataa. Floyd Bennett kilikuwa kiwanja kizuri, lakini kilikuwa mbali na Manhattan, na kufika huko kulichukua muda mrefu. Meya mwingine angeendelea kuandika barua za malalamiko. Yeye alibadilisha eneo.

Eneo jipya lilikuwa North Beach, kando ya maji katika wilaya ya Queens, penye kiwanja kidogo cha ndege. Hapo ndipo upangaji wake unapoonekana vizuri. Daraja la Triborough, lililojengwa kwa fedha za PWA, lilifunguliwa Julai 1936 na kuisogeza North Beach karibu na katikati ya jiji. Handaki la kupita chini ya mto kutoka Queens hadi Manhattan lilikuwa linaanza kuchimbwa, nalo kwa fedha za PWA. Maonyesho ya Dunia ya 1939 yalipangwa kufanyika Queens pia. Kila mradi uliupa mwingine sababu ya kugharamiwa.

WPA haikuwa ikitoa hundi na kuondoka. Ililipa hasa mishahara ya vibarua, na mwenye mradi alitakiwa kuleta ardhi, michoro na sehemu ya vifaa. Jiji lilitoa mchango wake. Septemba 9, 1937, La Guardia alianzisha ujenzi kwa kuendesha mwenyewe mtambo wa kuchimba. Usimamizi wa upande wa WPA ulikuwa kwa Brehon Somervell, mhandisi wa jeshi ambaye baadaye alisimamia mwanzo wa ujenzi wa Pentagon. Maelfu ya watu walifanya kazi kwa zamu, usiku na mchana. Kwa kuwa nchi kavu haikutosha, walijaza ghuba kwa taka na majivu yaliyotolewa kwenye dampo la kisiwa jirani cha Rikers. Gharama ilifika karibu dola milioni 40, na mradi ukawa mmoja wa ghali kuliko yote ya WPA. Wapinzani waliuita upotevu wa fedha.

Kiwanja kilizinduliwa Oktoba 15, 1939, wiki mbili tu kabla ya msimu wa kwanza wa Maonyesho kufungwa, na ndege za abiria zilianza Desemba 2. Jina la La Guardia lilibandikwa akiwa bado madarakani, jambo linaloweza kuwafanya wengi wetu wakune kichwa. Watu walilipa senti 10 kupanda roshani na kutazama ndege, na walikuja kwa wingi. Mashirika makubwa yalihama Newark, na shughuli za kiwanja hicho, kilichokuwa miongoni mwa vyenye ndege nyingi zaidi duniani, zikadorora ghafla. Ushindi wa New York ulikuwa hasara ya watu wa Newark, ambao nao walikuwa wamejenga kwa jasho lao tangu 1928.

Haraka nayo ilidai malipo yake. Ardhi iliyojazwa taka ilianza kutitia, na miaka iliyofuata ilibidi maji yazuiwe kwa tuta. Kiwanja kilionekana kidogo mapema sana, na kazi za kiwanja kingine kikubwa zaidi, Idlewild, kinachoitwa leo John F. Kennedy, zilianza 1942. Kwa Idlewild La Guardia alikosea hesabu. Mikataba aliyosaini na mashirika ya ndege ilikuwa na kodi ndogo mno kulinganisha na gharama, na safari hii hapakuwa na WPA ya kulipa vibarua.

Kwa miaka 10 hivi aliongoza umoja wa mameya wa Marekani, uliopigania fedha za shirikisho ziende moja kwa moja kwenye miji bila kupitia serikali za majimbo. Mei 1946, miezi michache baada ya yeye kutoka madarakani, Rais Harry Truman alisaini sheria ya viwanja vya ndege iliyoweka dola milioni 500 za ruzuku kwa miaka saba. Mwombaji alitakiwa kuweka fedha zake pia, na mradi uwe ndani ya mpango wa taifa wa viwanja. Utaratibu huo haujabadilika sana. Leo viwanja vikubwa vya Marekani hupata kwa kawaida asilimia 75 ya gharama za kazi zinazostahili ruzuku, na vidogo asilimia 90 au zaidi, na kinachosalia hutafutwa na wenye kiwanja.

Mzigo wa viwanja viwili uliishinda New York. Juni 1947 jiji liliikodisha LaGuardia na Idlewild, kwa miaka 50, kwa Mamlaka ya Bandari, chombo ambacho majimbo ya New York na New Jersey yalikiunda pamoja 1921. La Guardia alifariki kwa saratani Septemba 20 mwaka huohuo, akiacha nyumba yenye rehani na dola 8,000 za hati fungani. Mwaka uliofuata Newark nayo ilikabidhi kiwanja chake kwa mamlaka hiyohiyo. Idlewild ilifunguliwa Julai 1948, na kuanzia hapo viwanja vitatu vya pande mbili za mto vikawa chini ya menejimenti moja, ambayo inavisimamia hadi leo.